Muulize Bibi Nesi: Akinusa spiriti tu, anaanza kulia

Mwezi huu barua nne zimenijia zikiwa na shina moja, basi nimeziweka pamoja. Wasomaji wapya wajue tu kwamba nilikaa wodi ya watoto miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwamba Bi Tambara ninayemtaja humu ni mwanasesere wangu wa vipande vya khanga. Amechomwa sindano nyingi kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia, na bado anatabasamu, kwa sababu mdomo wake nilimshonea hivyo.

*Shikamoo Bibi. Binti yangu ana miaka mitano na ana selimundu. Kliniki tunakwenda kila mwezi na mara nyingi anatolewa damu. Zamani alikuwa analia kidogo, yanaisha. Siku hizi akinusa spiriti pale mlangoni tu, anakumbatia nguzo ya baraza tunambandua kwa nguvu, na ndani anashikwa na watu watatu. Mwezi uliopita kamng'ata nesi. Mimi humwambia haiumi, wala hanisikii. Mama mmoja kwenye foleni kanishauri nimtishe kwamba akilia ataongezwa nyingine. Nifanyeje? — Mama wa Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huyo wa kwenye foleni msalimie kwa adabu, ushauri wake uache hapo hapo kwenye benchi.

Tunaanza kuharibu mapema. "Kula ugali, la sivyo namwita daktari akuchome sindano." Nani hajaisema hiyo? Tunaifanya sindano kuwa fimbo ya nyumbani, halafu siku inapokuja kweli tunashangaa mtoto anaiona fimbo. Nilikuwa naweka dripu kwa kijana wa miaka sita, homa imempanda, nguvu hana hata ya kulia. Akaninong'oneza: "Nesi, sukari siibi tena." Mama yake alikuwa amesahau kabisa habari ya sukari. Mtoto alikuwa ameshapekua makosa yake yote na kupata lile linalolingana na sindano.

Sasa hilo neno lako "haiumi". Hesabu umelisema mara ngapi, na mara ngapi imeuma. Binti yako hakatai kukusikia, ameshakusikia vya kutosha na amekujua. Mwambie hivi: "Itauma kidogo, kama ukifinywa. Ukitaka kulia, lia, ila mkono tuutulize. Ikiisha tunabandika plasta." Wala usimwahidi kwamba itakuwa mara moja tu. Mishipa ya watoto wanaotolewa damu kila mara hujificha, wewe unajua hivyo na mimi najua. Mwambie, "Nesi akiukosa mshipa, atautafuta tena, na mimi nitakuwa nimekupakata."

Halafu kuna maneno yetu yenyewe. Kiswahili kinasema *kuchoma* sindano, na mtoto anajua kinachochomwa ni mahindi na mishikaki. Binti mmoja aliwahi kuniuliza mkaa uko wapi. *Kutoa damu* nako: ukitoa maji kwenye ndoo, ndoo inabaki tupu. Unadhani wako anaona nini kichwani unapomwambia anakwenda kutolewa damu? Hutajua kwa kumuuliza, maana wa miaka mitano hana maneno ya kukujibu. Mpe mchezo, atakuonyesha.

Tafuta mwanasesere, au mshonee, hata soksi iliyojazwa pamba inafaa. Duka la dawa nunua bomba la sindano jipya, sindano yenyewe uitoe uiache huko huko. Ongeza pamba, glovu, vipande viwili vitatu vya plasta, na utepe wa kufungia mkono. Weka kwenye kikapu, mpe, kisha kaa pembeni umenye viazi. Wewe usiwe daktari. Daktari ni yeye.

Siku ya kwanza ataua mtu. Atamdunga mwanasesere machoni, tumboni, atamgombeza, "Nyamaza! Tulia! Nitakuongeza!" Usimkataze, sikiliza. Hapo ndipo utakapojua sisi wakubwa tumekuwa tukimwambia nini. Mimi nilijisikia mwenyewe kwenye mdomo wa mtoto mmoja, sauti ile ile, hadi kile kikohozi changu cha kukatisha maneno, nikaona aibu ya kwenda kunywa chai.

Hasira ikipungua, labda siku ya tatu, ingia mchezoni kama mama wa mgonjwa. Muulize daktari: "Kwanza tunafanya nini?" Atafunga utepe, atatafuta mshipa kwa kidole, atapangusa. Hapa weka tone la spiriti ya kweli kwenye pamba. Chupa ishike wewe, mbali na jiko. Pua ya mwanao imeshafundishwa kwamba harufu hiyo ni balaa, na inabidi ikutane nayo mahali ambapo hakuna anayemshika. Akikimbia, funga kikapu, kesho tena. Nimeona mtoto akichukua wiki mbili kuisogelea pamba, na mwingine siku moja.

Kisha chukua chupa ya lita moja ujaze juisi ya rozela. Mtoto wa kilo 15 ana damu inayozidi lita kidogo, na kipimo cha kawaida huchukua kiasi kisichofika hata kijiko kimoja cha chai. Mwambie avute kijiko kimoja kwa bomba lake, kisha atazame chupa. Imepungua? Atainama, atapima kwa kidole, ataona haijapungua kitu. Mwambie na mwili wake unatengeneza nyingine, usiku akilala unatengeneza. Baada ya hapo kunyweni hiyo juisi.

Hadithi nayo ina kazi yake. Wengi mnasimulia za shujaa asiyelia, na mtoto anayelia anajiona hayumo. Kwangu Sungura analia. Paukwa? Pakawa! Sungura alikuwa anaumwa viungo, akaambiwa aende kwa Nesi Kanga akapimwe damu. Akaogopa. Akamwita Fisi: "Nenda badala yangu, nitakupa mfupa." Fisi kwa mfupa hakatai kitu. Akaenda, akatolewa damu, Kanga akaitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa: "Damu hii inasema imekula mifupa mitatu na kiatu." Akatoa dawa ya tumbo. Sungura akainywa, viungo vikazidi kuuma, na tumbo likaanza kumuendesha juu yake. Usiku akarudi mwenyewe, masikio yameinama. "Nesi, damu yangu iseme yenyewe." Akapakatwa na mama yake, akalia, akapuliza, wakahesabu. Damu ikasema: maji hayatoshi, leta maji. Hapo mtoto ameelewa kwa nini damu ni yake na si ya mwingine, jambo ambalo kwa maelezo ya kawaida lingekutoa jasho. Mwache abadilishe. Mmoja alinisimulia upya akamweka Fisi kuwa nesi, nikamwonea huruma mgonjwa.

Siku ya kliniki mnyweshe maji ya kutosha asubuhi na mfunike mkono upate joto, mshipa utaonekana vizuri. Mpe kazi: yeye ndiye mshika plasta, na yeye ndiye mpuliza mapovu ya sabuni. Ile pumzi ndefu ya kupuliza inalegeza mwili, na jicho linafuata povu. Muulize "mkono huu au ule?" Usimuulize "uko tayari?" kwa sababu akisema hapana utamfanyia nini? Na umpakate, kifua kwa kifua, mkono mmoja ukitokea pembeni. Mwombe nesi kabla hujaingia, mkiwa bado nje, kwa sauti ya chini. Ukimwambia mbele ya foleni ataona unamfundisha kazi. Nasema hivi kwa sababu nami ningeona hivyo.

*Bibi, shikamoo. Kijana wangu ana miaka saba, likizo ya Desemba tunamtahiri hospitali. Kaka yangu anasema nimwambie tunakwenda kununua baiskeli, ndivyo yeye alivyofanyiwa. Babu yake anasema asiambiwe lolote, na akilia akumbushwe kwamba mwanaume halii. — Baba, Tanga*

Marahaba baba. Kaka yako ana umri gani? Nina hakika amepita thelathini, na baiskeli ile bado anaikumbuka. Hilo pekee lingetosha kunijibia.

Mzee muulize kwa upole yeye mwenyewe alitahiriwaje. Kama alipitia jando, hakuna aliyemwambia anakwenda kununua kitu. Kumbini kulikuwa na nyimbo, vitendawili, walimu, wenzake wa rika moja. Kisu kilikuja mtoto akijua anakwenda wapi na atarudi akiwa nani. Siyasifu yote ya jando, mengine yalikuwa vitisho vitupu, lakini mtoto hakuvamiwa. Sisi tumechukua kisu tukakipeleka hospitali, zile nyimbo tukaziacha njiani.

Wa miaka saba mwambie siku tano au wiki moja kabla. Ukimwambia mwezi mzima kabla atakuwa amekonda. Mwambie kwa mpangilio. Kwanza sindano ya ganzi, na hiyo ndiyo itakayouma, usimfiche. Ikishaingia, sehemu ile inakufa ganzi: atahisi wanagusa, wanavuta, lakini maumivu hapana. Mwonyeshe ganzi ni nini. Mkalishe amekunja mguu mpaka ufe ganzi, mfinye kidole, muulize. Watoto wa miaka saba wanaupenda sana mchezo huu na watakufinya na wewe. Baadaye ganzi ikiisha patawaka, na dawa ya maumivu ipo, apewe mapema kabla hajaanza kujikunja.

Tafuta binamu aliyetahiriwa mwaka jana, awe mkubwa wake kidogo. Waache peke yao. Huyo binamu ana elimu ambayo mimi na wewe hatuna: jinsi ya kutembea kama bata, jinsi ya kushikilia msuli usiguse, nani alimletea soda. Atatia chumvi, najua. Jioni muulize mwanao amesikia nini, urekebishe yale ya panga na shoka.

Kidonda kwa watoto hupona wiki moja hadi mbili. Damu ikiendelea kutoka, uvimbe ukizidi au mkojo ukikataa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na babu mpe kazi: akae naye usiku wa kwanza amsimulie. Nina shaka kama usiku huo atasema tena mwanaume halii. Wazee wengi huanza na sentensi hiyo na kumalizia na jinsi wao walivyolia.

*Bibi, mwanangu wa miaka minne atafanyiwa upasuaji wa ngiri. Daktari kasema atapewa nusu kaputi na asile tangu usiku. Ameanza kulala na taa, hataki kufumba macho, na hatuambii kwa nini. — Mama, Bukoba*

Mwanangu, soma tena barua yako kwa sikio la miaka minne. Nusu. Kaputi. Redio ikifa tunasema imekwenda kaputi. Mtoto amesikia kwamba atauawa nusu. Na kama kwenu kumetokea msiba karibuni, kuna mtu amemwambia "babu amelala", basi na kulala kwenyewe kumekuwa hatari. Hiyo ndiyo taa.

Mwambie upo usingizi wa dawa. Si ule wa usiku, wala si wa babu. Babu alikufa, sema hilo neno. Usingizi wa dawa daktari anauweka na anakaa pale pale akimwangalia mpaka autoe. Akiwa ndani yake hasikii maumivu. Akiamka atakuona, na tumbo litauma chini hapa, kwenye plasta. Kama hospitali haikuruhusu uwepo anapoamka, usiahidi. Sema nitakuwa nyuma ya mlango ule. Wengine wakiamka huongea ovyo au kulia bila sababu, hasa wakipewa dawa iitwayo ketamini. Hiyo ujue wewe, yeye asisumbuliwe nayo.

Umri huu mwambie siku moja au mbili kabla, si zaidi. Mlaze mwanasesere, mfunike mdomo na pua kwa kikombe cha karatasi, hesabuni pumzi, mbandike plasta pale pale atakapobandikwa yeye, kisha mwamsheni. Mwamsheni mara nyingi. Atataka kumwamsha mara kumi, ishirini, mwache. Hicho ndicho anachotaka kuhakikisha.

Habari ya njaa: tumbo likiwa na chakula, kwenye usingizi ule kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kawaida ni masaa 6 kwa chakula na masaa 2 kwa maji matupu. Yaani kama upasuaji ni saa 3 asubuhi, chakula mwisho saa 9 usiku, na maji mwisho saa 1 asubuhi. Hospitali yako ikikupa saa nyingine, fuata zake. Usimwambie mtoto "usile" bila sababu, ataomba kwa bibi yake, na bibi atampa andazi. Najua mabibi. Waambie nyumba nzima, na ndugu zake wale chai nyuma ya nyumba asubuhi hiyo.

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati, nasoma safu yako kila mwezi. Siku ya chanjo nina akina mama sitini, niko peke yangu na mhudumu mmoja. Hizi hadithi na wanasesere nitazifanya saa ngapi? Nyie wastaafu mnasema tu. — Muuguzi, Singida*

Marahaba binti yangu. Umenipata, na umesema kweli. Wodi yetu ilikuwa na siku ambazo Bi Tambara alishinda kabatini kwa sababu nilikuwa nimebaki na pumzi ya kushika watoto tu.

Basi nikuambie yale yasiyokula muda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupunguza maumivu ya chanjo, na mengi hayana gharama. Mama awepo. Mtoto apakatwe, asilazwe mezani. Mchanga anyonyeshwe wakati wa sindano au kabla tu ya sindano. Hao wako wa wiki 6, 10 na 14 wote wanaingia hapo. Usivute bomba nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma dawa. Zikiwa mbili au zaidi, inayouma kuliko nyingine ije mwisho. Ukifanya hayo umemaliza, na foleni haijarefuka hata kidogo. Mimi naona inafupika, maana muda mrefu wa siku ya chanjo huliwa na kushikana mieleka.

Nitachokoza kidogo hapa. Uingereza mwaka 1959 iliundwa ripoti rasmi, iliyoongozwa na daktari Harry Platt, kuwashawishi wakubwa wa hospitali wawaruhusu wazazi kuwatembelea watoto wao kwa uhuru zaidi. Sisi mama analala wodini na mtoto, kitanda kimoja, hilo hatukuhitaji kuambiwa na tume. Lakini angalia tunachofanya: analala naye usiku kucha, halafu saa ya kubadilisha bendeji au kuweka kanula tunamwambia, "Mama, toka nje." Sababu tunasema atazimia. Katika miaka yangu waliozimia nawakumbuka, hawafiki kumi, na wawili walikuwa akina baba.

Na kanula, kwa kuwa umenipa nafasi. Ukishaiweka, chukua sekunde kumi umwonyeshe mtoto sindano uliyoitoa kabla hujaitupa kwenye kisanduku. Mwambie: "Hii imetoka. Kilichobaki ndani ni mrija laini, kama mrija wa soda, mdogo sana." Wengi hawajui. Wanakaa siku tatu mkono umekakamaa kama mti wakidhani chuma kimo ndani, hawachezi, hawali vizuri, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba mtoto amenyong'onyea.

Mwanasesere mmoja muweke kwenye benchi la kusubiri, si kwenye chumba chako. Mfungie kamba asiondoke na mtu, mwekee bomba tupu na pamba. Watoto watamtibu wenyewe wakati mama zao wanasubiri, na wewe hutahitajika kabisa. Nikitumiwa anwani ya zahanati kupitia gazeti nitakushonea mmoja. Kitambaa kitakuwa cha khanga ya pamba, maana kinafulika kwa maji ya moto na dawa ya madoa, na atafuliwa kila Ijumaa. Macho nitamtia ya uzi. Vifungo usikubali akuwekee mtu, watoto wa miaka miwili huving'oa na kuvimeza, na hapo utakuwa na mgonjwa mwingine.